Helikopta ya Wagonjwa Ikija Ufukweni: Mwongozo kwa Wahudumu wa Nchelenge

Mwongozo huu unawahusu wauguzi wa vituo vya afya, madereva wa magari ya wagonjwa, walinzi, waendesha boti na wahudumu wa kujitolea wilayani Nchelenge: bomani na Kashikishi, kambi za wavuvi za Ziwa Mweru, visiwani, na kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Umeandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya waliovuka kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, ambao wengi wao wako Mantapala tangu makazi hayo yalipofunguliwa mwaka 2018. Maagizo ya kiwanjani, hata hivyo, yatolewe kwa Kibemba pia. Mtu akipigiwa kelele kwa lugha asiyoielewa, na juu kuna mngurumo, hukimbilia popote.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba hapa helikopta ni mgeni. Zambia imekuwa na madaktari wa ndege tangu miaka ya 1960, makao yao Ndola, lakini kwa muda mrefu kazi hiyo imetegemea ndege za mabawa zinazotua kwenye viwanja vya vumbi. Mgonjwa wa kawaida wa Nchelenge huondoka kwa gari kuelekea Mansa, au huletwa kwa boti kutoka kisiwani hadi hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Helikopta huitwa siku njia hizo zinapogoma: barabara imemezwa na maji, ziwa limechafuka, au mgonjwa hana saa za kutosha za kusafirishwa polepole. Inaweza kuwa ya Jeshi la Anga, ya kampuni ya kukodi au ya shirika. Rubani hakijui kijiji, na kijiji hakijawahi kuisogelea helikopta.

Hatari yetu inaanzia hapo. Mahali ambapo helikopta hutua kila siku, watu huinua macho kisha wakaendelea na shughuli zao. Ufukweni Mweru shule nzima itakuwa imemwagika nje kabla mlio haujakaribia. Kwa hiyo kazi ya mtu wa kiwanjani hapa, robo tatu yake hufanyika helikopta ikiwa haijaonekana bado. Robo inayobaki ni kusimama tuli mpaka uitwe, na nakuambia kwa uzoefu kwamba robo hiyo ndiyo huwashinda watu wengi, hasa wale wenye bidii.

Upepo

Watu huogopa mapanga ya helikopta. Wana haki, na tutayafikia. Lakini kinachowapata wengi zaidi, tena wakiwa mbali, ni upepo unaoshuka chini ya mapanga hayo. Helikopta huelea kwa kusukuma hewa chini. Kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyosukuma kwa nguvu. Hewa hiyo ikigonga ardhi hugeuka na kukimbia pembeni pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Helikopta ndogo aina ya H125 ina uzito wa tani mbili na kitu inaporuka. Mi-17 ya kijeshi hufika tani 13. Ile iliyotua mwaka jana karibu na zahanati bila kung'oa hata bati moja isikupe moyo. Huenda ya leo ni nzito mara tano.

Machi 4, 2022, mjini Plymouth, Uingereza, helikopta ya uokoaji aina ya Sikorsky S-92 ilimpeleka mgonjwa hospitali ya Derriford. Kiwanja kilikuwa cha kudumu, kimejengwa kwa kazi hiyo hiyo, na pembeni yake palikuwa na maegesho ya magari ya umma. Upepo wa helikopta uliwaangusha watu waliokuwa wakipita kwenye maegesho. Mama mmoja wa miaka 87 aliumia kichwa akafariki, na mwingine akaumia vibaya. Wachunguzi wa ajali za ndege, katika ripoti yao ya mwaka 2023, walieleza kwamba waliosimamia kiwanja hawakuwa na ufahamu wa kutosha juu ya hatari ya upepo ule ndani ya maegesho. Hakuna panga lililogusa mtu siku ile. Helikopta ilitua vizuri.

Sasa tazama ufukwe wetu. Chisense, dagaa wa Mweru, huanikwa mchana kutwa juu ya mchanga, juu ya maturubai na vipande vya nyavu kuukuu. Jarife zimetundikwa kwenye miti zikauke. Kuna vibanda vya nyasi, mabati yaliyokandamizwa kwa mawe badala ya misumari, mifuko mitupu ya unga, ndoo, vyandarua. Kuna moto wa kukaushia samaki unaofuka taratibu tangu alfajiri. Upepo wa helikopta ukipita hapo, jiwe la paa linashuka kichwani mwa mtu, na kaa la moto linarukia nyasi za nyumba ya tatu. Wavu mwepesi ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu haurushwi tu ukaenda zake. Unaweza kunyanyuliwa, ukavutwa juu na kujiviringisha kwenye mapanga, na hapo mgonjwa, rubani na nyinyi mliosimama chini mnakuwa kwenye ajali moja.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kingine chochote, safisha. Nyavu, vyandarua na maturubai yakunjwe na kufungwa kamba au yaingizwe ndani. Moto uzimwe kwa maji kisha ufukiwe kwa mchanga. Usizimwe kwa mchanga peke yake, kwa sababu mchanga ndio wa kwanza kupeperuka. Takataka nyepesi ziokotwe na watu waliojipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wakitembea kutoka ukingo mmoja wa kiwanja hadi mwingine.

Kuhusu chisense, hapa nitakaa kidogo, maana nimeona mara zaidi ya moja mambo yakiharibika kwa sababu ya dharau. Mhudumu anafika na fulana yake yenye maandishi, anamwambia mwanamke aliyeanika, "Ondoa hivi vitu." Mwanamke anavuta turubai hatua kumi, anakaa. Mlio unaposikika anakumbuka beseni lake lililobaki, anainuka na kulikimbilia, na kwa wakati huo helikopta iko mita ishirini juu yake. Beseni lile ni ada ya mtoto. Mweleze: "Mama, kuna mgonjwa anachukuliwa na helikopta. Upepo wake utapeperusha samaki wote mpaka ziwani. Vijana hawa wawili watakusaidia kukunja, tukimaliza watakusaidia kuanika tena." Kisha wape vijana hao kazi hiyo kweli. Dakika tano za heshima zinaokoa zaidi ya kamba ya mita mia.

Kuchagua kiwanja

Mchanga wa ufukweni unavutia macho kwa kuwa uko wazi, lakini ni mahali pabaya. Ukikauka unageuka wingu ambalo rubani haoni kitu ndani yake katika mita za mwisho, na miguu ya helikopta yaweza kuzama upande mmoja. Afadhali uwanja wa mpira wa shule wenye nyasi fupi, mbali na ufukwe na nyumba.

Kwa helikopta ndogo mchana, tenga angalau mita 30 kwa 30, sawa na hatua kama 40 za mtu mzima kila upande. Kwa Mi-17, ambayo mapanga yake yana upana wa mita 21, anza na mita 50 kwa 50, na pakiwepo nafasi ongeza. Ardhi iwe tambarare kiasi kwamba mpira ukiwekwa haubingiriki. Kagua kwa miguu, si kwa macho ukiwa umesimama golini. Mkoa wetu wa Luapula una vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba na vingine vimefichwa na nyasi, na hivi vifupi ndivyo vinavyovunja mkia wa helikopta. Tafuta visiki, mashimo na vigingi vya mbuzi.

Kisha inua macho. Nyaya za umeme na za simu ni adui mkubwa wa rubani, kwa kuwa kutoka angani nguzo huonekana lakini waya hauonekani. Kila waya ulio karibu na kiwanja utajwe kwa rubani mapema: uko upande gani, unatoka wapi kwenda wapi. Ikiwezekana, mtu asimame chini yake akiwa na kitambaa cha rangi kali alichokishika barabara. Milingoti ya goli itajwe vilevile.

Vumbi hupunguzwa kwa maji. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, ardhi ya huku ni unga mtupu, na uwanja usiomwagiwa maji utampofusha rubani. Mwagia katikati, atakapogusa, kisha uelekee nje. Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unapofungwa, nyavu hupungua ufukweni na vumbi hulala, lakini uwanja uleule wa shule waweza kuwa tope. Tope lisiloweza kubeba gari la wagonjwa halifai pia kwa helikopta.

Joto nalo lina neno. Ziwa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Oktoba saa nane mchana ni nyepesi, haibebi kama ya alfajiri. Rubani akikataa mzigo, au akiomba kiwanja kirefu zaidi ili aondoke kwa mteremko mdogo badala ya kupanda wima, usibishane naye wala usimwone mwoga. Anapiga hesabu ambayo wewe huioni.

Kilwa ipi?

Kosa la kusema mahali linaweza kumuua mgonjwa bila mtu yeyote kuguswa na panga. Tuna Kilwa kisiwa, cha Zambia. Ng'ambo, upande wa magharibi wa ziwa, kuna Kilwa mji, wa Kongo. Na kuna Kilwa ya pwani ya Tanzania, ambayo mtu wa ofisi ya mbali anaweza kuifahamu kuliko hizo mbili. Mpaka unapita majini, na helikopta ikivuka bila kibali ni kesi nyingine kabisa. Ukiomba, sema "kisiwa cha Kilwa, Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge, Zambia", yote, hata kama unahisi unamfundisha mtu anachojua.

Kisha toa vipimo vya ramani kutoka kwenye simu, na useme vimeandikwa kwa mtindo gani. Simu nyingi huonyesha nyuzi zenye desimali, na marubani wengi hutumia nyuzi na dakika. Nyuzi 9.35 kusini ni sawa na nyuzi 9 na dakika 21. Anayesikia akaandika nyuzi 9 na dakika 35 amesogea dakika 14, ambazo ni kama kilomita 26 kusini, kuelekea upande wa Kazembe. Rubani atafika mahali asipoona mtu, atazunguka, atateketeza mafuta, atarudi. Soma tarakimu moja moja, mwambie anayepokea azirudie. Ongeza alama inayoonekana kutoka juu: paa la kanisa lenye mabati mapya, gati, au mti mmoja mkubwa kando ya uwanja wazi. Bomba la maji la manjano halionekani.

Watu

Msimamizi wa kiwanja awe mmoja. Si daktari, kwa kuwa daktari ana mgonjwa. Si mkuu wa kijiji, kwa kuwa yeye ana watu wake. Awe mtu anayesikika na asiyeona haya kumwambia mkubwa arudi nyuma. Ni yeye peke yake anayezungumza na rubani kwa redio au simu. Nimesikia watu watatu wakimweleza rubani mmoja mambo matatu kuhusu upepo, na rubani akanyamaza kabisa. Sikumlaumu.

Helikopta huja ikiukabili upepo na huondoka ikiukabili upepo. Ina maana pande mbili za kiwanja ni njia yake, moja ya kuingilia na moja ya kutokea, na pasiwe na mtu katika njia hizo isipokuwa mwelekezaji, ambaye tutamfikia. Watazamaji wakae ubavuni, upande mmoja tu, ili usiwe na makundi mawili yanayotamani kukutana katikati. Mita 60 ni za chini kabisa kwa helikopta ndogo. Kwa kubwa, anza na mita 100, na wazee, wajawazito na akina mama wenye watoto mgongoni waende mbali zaidi au waingie ndani ya jengo imara. Kamba ya boti iliyoshikwa na watu wazima kila baada ya hatua chache inafanya kazi nzuri kuliko kelele.

Mkuu wa kijiji na walimu waombwe msaada kabla, si wakati kundi limeshakuwa mbele. Mwalimu akiwaambia watoto wabaki darasani, watabaki. Wewe ukiwaambia, watakucheka. Walioachwa nje wakae chini, kwa sababu mtoto aliyekaa hana budi kuinuka kwanza kabla ya kukimbia, na hapo kuna nafasi ya kumshika.

Mtego mkubwa ni wakati helikopta imeshatua. Vumbi linatulia, mlio unapungua, na watu wanadhani hatari imekwisha. Watu wa kamba wabaki pale pale, wameupa kiwanja mgongo na kulitazama kundi. Wao hawaruhusiwi kutazama helikopta. Ni adhabu, najua.

Mwelekezaji

Upepo uonyeshwe. Moshi wa mbali unafaa, au utepe wa kitenge uliofungwa imara kwenye mti nje ya kiwanja. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki hutawala, ndugu wa kusi wa pwani, lakini mchana ziwa lenyewe huvuma kuelekea nchi kavu, na pande hizo mbili huweza kugongana ndani ya saa moja. Usitoe taarifa ya asubuhi kwa helikopta ya alasiri.

Mwelekezaji asimame ukingoni, upepo ukimpiga mgongoni, akiitazama helikopta inakotokea, mikono yote miwili juu. Rubani atamtumia kama alama na atatua akimkabili. Mwelekezaji asitembee. Vumbi likimzidi apige goti palepale na ainamishe kichwa. Rubani anajua alipokuwa, na akihama ndipo hatari inapoanza. Akiona mtoto, mbuzi au turubai linaruka ndani ya kiwanja, avuke mikono juu ya kichwa na kuifungua, tena na tena, na msimamizi aseme kwa redio: usitue. Rubani atapanda na kuzunguka, na hakuna atakayeulizwa kwa nini.

Miwani ya kukinga macho na viziba masikio ni vifaa vya kazi. Pasipo na miwani, fumba macho na ugeuke pindi upepo unapofika. Kofia zivuliwe zote. Kitenge cha begani kifungwe kiunoni kwa fundo. Kofia ikipeperuka, iache iende. Mtu huipenda kofia yake kuliko anavyojua, na mguu hukimbia kabla ya akili.

Kuisogelea

Kanuni ni moja na ina maneno machache: hakuna anayesogea mpaka mtu wa helikopta amwite kwa mkono, na anakwenda kwa njia aliyoonyeshwa.

Panga la mkia huzunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika katika helikopta nyingi ndogo. Halionekani. Ukilitazama utaona hewa inayotetemeka kidogo, au hutaona kitu. Julai 2022, karibu na Athens, Ugiriki, kijana mmoja Mwingereza alishuka salama kutoka kwenye Bell 407 na muda mfupi baadaye akauawa na panga la mkia, mapanga yakiwa bado yanazunguka. Kwa hiyo usipite nyuma, hata kwa njia ya mkato, hata helikopta ikiwa imezima taa. Nenda kwa mbele kutoka ubavuni, mahali ambapo unauona uso wa rubani. Usipouona uso wake, naye hakuoni.

Mapanga ya juu yana hila nyingine. Yakizunguka kwa kasi hukaa juu. Yakipungua kasi hulegea, na upepo wa ziwani unaweza kuyainamisha chini ya kimo cha mtu. Mlio unaoshuka ni ishara ya kubaki ulipo, sio ya kwenda. Subiri yasimame kabisa au uitwe. Ardhi ikiwa na mteremko, ingia na utoke kwa upande wa chini. Upande wa juu mapanga yako karibu na kichwa chako kuliko unavyodhani. Inama kidogo, tembea, usikimbie.

Waliotoka Kalemie, Moba au Pweto wengi wanazikumbuka helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, zile kubwa za aina ya Mi-8 zinazofunguka nyuma na kupakiwa kwa nyuma. Kumbukumbu hiyo ina hatari. Kwenye Mi-8 na Mi-17 unaweza kuelekezwa mlango wa nyuma, chini ya mkia, na utakwenda ukifuatana na mhudumu wa ndege, mstari mmoja. Kwenye helikopta ndogo mahali hapohapo ni kaburi. Usiamue kwa kufananisha na ulichoona zamani.

Gari la wagonjwa lisimame nje ya kiwanja, breki ya mkono imevutwa, milango imefungwa. Dereva abaki kwenye usukani. Asirudi kinyumenyume kuelekea helikopta kwa sababu yoyote. Machela itabebwa kwa mikono.

Kumbeba mgonjwa

Wabebaji wawe wanne, wamezoezwa kabla, wanajua nani anaongoza. Mgonjwa afungwe kwa mikanda. Blanketi lichomekwe chini yake kwa pande zote au liondolewe kabisa. Macho na masikio yake yafunikwe, na ya mtoto hasa, kisha aambiwe kitakachotokea: kelele, upepo, halafu mlango. Mgonjwa aliyeshtuka hujaribu kukaa.

Kuna kiwanja kimoja cha shule, sitakitaja, ambapo nilimwona ndugu wa mgonjwa akitembea kando ya machela kuelekea helikopta, ameinua chupa ya dripu juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka kabisa. Mapanga yalikuwa yanazunguka. Mhudumu wa ndege alimkimbilia na kuuvuta mkono chini kwa nguvu, na yule ndugu akakasirika, maana usiku kucha wodini alikuwa ameambiwa: inua dripu, usiishushe. Alikuwa mtiifu kuliko sisi sote. Kosa lilikuwa letu; hatukumwambia kwamba kanuni ya wodini inaishia mlangoni mwa wodi. Tangu siku hiyo dripu naifunga kabla ya kuondoka na kuilaza kifuani mwa mgonjwa, na huwa siruhusu ndugu abebe kitu chochote.

Kila kirefu kibebwe kikiwa kimelala, chini ya kiuno, kwa watu wawili: kasia, mti wa machela, nguzo ya dripu. Mtungi wa oksijeni usiingizwe bila mhudumu wa ndege kuambiwa.

Lingine lizungumzwe mapema: nani anakwenda naye. Kwetu mgonjwa hatumwi peke yake, na helikopta ndogo mara nyingi ina nafasi ya ndugu mmoja, au haina hata hiyo. Likiachwa mpaka mlangoni, utakuwa na mama mkwe, mume na dada mkubwa wakibishana chini ya mapanga. Kaeni nao chini ya mti, nusu saa kabla. Waelezeni kwamba hata yule mmoja aweza kukataliwa na rubani, andikeni jina la hospitali anakopelekwa na namba ya simu ya kituo, wapeni. Mwenye kubaki na karatasi mkononi hakimbilii mlango.

Usiku

Ushauri wangu: usiku katika kiwanja kisichotayarishwa, mwambieni rubani ukweli na msimsukume. Akikubali kuja, wekeni taa tano, nne kwenye pembe na ya tano nje kidogo upande upepo unakotoka, zikiwa nzito au zimefungwa zisiruke. Magari yaweza kumulika ardhi kwa taa za chini, yakikutanisha mwanga katikati. Moto wa wazi haufai. Tochi na mwanga wa simu visielekezwe angani hata kidogo, kwa kuwa vinampofusha rubani. Na kwa sababu kila kijana atataka kupiga picha, simu zizimwe mwanga wake kabla, kwa amri ya mkuu wa kijiji.

Kisiwani

Mitumbwi ivutwe nchi kavu na kupinduliwa, makasia yakiwa chini yake. Iliyoko majini ibaki mbali kabisa, kwa sababu upepo ule hupindua mtumbwi wenye watu kirahisi, na walio kiwanjani watalazimika kuchagua kati ya mgonjwa na wanaozama. Boti moja ya injini iwe tayari umbali wa kutosha, upande usio njia ya helikopta, na mwendeshaji wake awe mtu mzima aliyeambiwa kazi yake ni hiyo tu. Madumu ya petroli yasogezwe mbali na kiwanja.

Ikishaondoka

Helikopta inapoondoka upepo huwa mkali kama ilipotua, hivyo watu wa kamba wasiiachie. Shikilieni kiwanja dakika kumi zaidi: hali ya mgonjwa au ya chombo inaweza kumrudisha rubani ghafla, na asikute mechi imeanza. Kisha hesabuni wabebaji. Kagueni mahali palipokuwa na moto, na mapaa ya nyumba za jirani. Anayesugua jicho aoshwe kwa maji safi mengi na apelekwe kwa muuguzi. Andikeni saa ya kutua na kuondoka, aina ya helikopta, upepo ulikotoka na kitu gani kiliruka, na daftari hilo likae kituoni, si nyumbani kwa mtu.

Wale vijana wawili warudi kwa mama wa chisense wamsaidie kutandaza turubai. Kama ni Novemba, waharakishe; mvua ya alasiri iko karibu.